Mgongo wa Koti la Kapteni

Nyie vijana mnaoniletea simu zenu zimejaa picha za meli za kale, kisha mnaniuliza muanze kuchonga wapi, jibu langu ni lile lile na najua mmelichoka: anzeni mgongoni. Picha haina mgongo. Mtu amesimama, kifua mbele, vifungo vinang'aa, kofia imekaa sawasawa. Nyuma yake kuna nini? Hujui, kwa sababu mpiga picha hakukuonyesha. Mfano wa meli hauko hivyo. Unawekwa mezani na watu wanauzunguka, na yule atakayekuja upande wa nyuma ndiye atakayekuumbua.

Nimefanya kazi hii Mabatini tangu nikiwa kijana wa kutumwa dukani mpaka vidole vilipoanza kunikatalia. Nilichonga meli za matanga za enzi za Wajerumani, za Waingereza, na zile mashua za mizigo zilizokuwa zikizunguka ziwa letu kabla injini hazijawa za kila mtu. Juu yake niliweka watu wadogo, urefu wa kidole, na sare zao. Mahoteli yalinunua, maofisi yalinunua, na familia pia. Familia ndizo zilizonizeesha.

Aliyenifundisha ni Fundi Narsi, Mhindi wa hapa hapa Mwanza, seremala wa makabati ambaye meli zilimkaa rohoni kuliko makabati. Alikuwa na kigoda kinachozunguka. Ukimletea mtu uliyemchonga, anampokea. Anamweka juu ya kigoda, anakizungusha taratibu, na mgongo ukifika mbele yake ukiwa bapa, anauliza kwa upole kabisa, "Nyuma yake iko wapi, Idi?" Halafu anamtupa kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Nimeshuhudia maofisa wengi wa majini wakiungua mle, na kila mmoja alikuwa amenichukua siku nzima. Nilimchukia yule mzee hadi nilipoanza kupata wateja wangu mwenyewe.

Mengine niliyojifunza kwake ni haya. Ukitaka kujua ukubwa wa chombo kwenye picha ya zamani, usimpime mtu, maana watu hutofautiana. Tafuta debe. Debe la mafuta ya taa lilikuwa lile lile kila mahali, na hakuna mashua iliyokosa debe. Ukiona koti la mwanamume limefungwa vifungo upande usio wake, usikimbilie kusema alivaa la mkewe. Mara nyingi picha yenyewe imesafishwa kinyume, kulia kumekuwa kushoto, na hapo hata tanga utalichonga upande usio wake. Na viatu, jamani. Niliwahi kuchonga mabaharia wa mashua wote wamevaa viatu vyeusi vya kung'aa, kwa sababu nilivipenda. Mzee mmoja wa Ukerewe akaja dukani, akainama, akawatazama kwa huruma. "Hawa watateleza kabla hawajatoka bandarini," akasema. Nikakaa wiki nzima nikiwavua viatu.

Siku hizi mnakuza picha kwa vidole viwili mpaka mnaona uzi wa kitambaa. Nawaonea wivu, sikatai. Lakini hata ukikuza mpaka kioo kipasuke, bado huuoni mgongo. Ndiyo maana nataka niwaambie habari ya Bi Zuhura, ingawa sipendi kuizungumza.

Alikuja dukani miaka michache kabla sijaacha kazi. Mama mtu mzima wa Buzuruga, rika langu, amebeba kitu kimefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Alipokifungua, ilikuwa picha ya studio: mwanamume kijana mbele ya pazia lililochorwa bustani, amevaa koti jeupe la kapteni lenye safu mbili za vifungo, na kofia yenye nanga.

"Huyu ni baba yangu, Rajabu," akasema. "Alikuwa kapteni wa Subira."

Niliweka kisu chini. Hakuna mtu wa umri wetu katika ufuko huu asiyeijua Subira. Ilikuwa mashua ya tanga. Ilipinduka ikitoka visiwani, imejaa abiria na magunia ya udaga, ile mihogo mikavu. Tulikuwa watoto. Nakumbuka watu wazima wakisema neno moja tu jioni zote zile: kapteni aliambiwa ashushe tanga, akakataa. Kapteni amewaua.

Bi Zuhura aliniona nimebadilika uso, akatabasamu kidogo. Alishazoea.

"Mwili wake haukupatikana," akasema. "Tukaweka msiba bila mwili. Watu walijaa mpaka uani, wengine nao wamefiwa kwenye mashua hiyo hiyo. Wanawake wamemkumbatia mama. Halafu mmoja akainua macho ukutani, akaona picha hii. Akasema, 'Kumbe ndiye huyu kapteni?' Fundi, waliondoka mmoja mmoja, wanajifunga kanga zao. Mchana tulibaki mama na mimi na sufuria la mchele ambalo hakuna aliyekuja kulipika."

Hawakurudi. Mama yake aliuza maandazi baadaye, na waliofiwa walivuka barabara ili wasipite karibu na beseni lake. Zuhura mwenyewe alikua akiitwa binti wa kapteni, bombani, shuleni, na hata siku alipochumbiwa na uchumba ukavunjika. Kila mwaka, pale mwaloni mashua zinapotua, waliofiwa hukusanyika. Sheikh anasoma dua, katekista anasali, na mwenyekiti wa kamati anasoma majina ya waliozama. La baba yake halijawahi kusomwa.

"Nataka Subira kamili," akasema. "Baba amesimama kwenye usukani na koti lake. Nitaiweka mezani siku ya kumbukumbu, waone hakukimbia. Alizama mahali pake. Walisome jina lake mara moja tu kabla sijafa. Sina ombi lingine."

Niliichukua kazi. Chombo hakikunisumbua sana. Mashua za namna ile nilizijua. Nilikata mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, nikapanga mbao, nikatia mlingoti, nikaloweka kitambaa cha tanga kwenye chai kipate rangi ya moshi na jua. Nikamchonga Rajabu, mkono kwenye usukani, koti limemkaa. Vifungo nilivitengeneza kwa vichwa vya pini. Alipendeza. Kisha nikamgeuza, nikakuta mgongo bapa, nikamsikia Narsi, ambaye amekufa siku nyingi, akiniuliza nyuma yake iko wapi.

Koti la kapteni nyuma lina mambo yake. Kuna la mpasuo mmoja, kuna la mipasuo miwili, kuna lenye mkanda mfupi na vifungo viwili kiunoni. Wajerumani walikuwa na lao, Waingereza na lao, na wa meli za serikali hapa ziwani na lao. Nilimwambia Bi Zuhura anisubiri.

"Nani ataangalia mgongo, fundi?" akauliza.

"Mimi," nikamjibu. Nilikuwa na kiburi cha kazi, siwafichi.

Nikaanza kuzunguka kwenye nyumba za wazee kuomba picha za zamani. Katika nyumba ya fundi cherehani mmoja hapo hapo Mabatini nikaona ukutani marehemu baba yake amevaa koti jeupe la kapteni. Nikafurahi. Nikasogea. Kifungo cha tatu upande wa kulia kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, tena hakina nanga. Nikarudi dukani mbio kama mwizi, nikatoa picha ya Rajabu. Kifungo cha tatu upande wa kulia: kikubwa, hakina nanga.

"Baba yako alikuwa kapteni?" nilimuuliza yule fundi cherehani kesho yake.

"Kapteni wa wapi! Baba alikuwa mpishi wa Mzungu."

Nikaipata ya tatu mtaa wa Pasiansi, dereva wa lori, koti lile lile, kofia ile ile, bustani ile ile nyuma. Hapo nilicheka peke yangu barabarani, kisha kicheko kikaniishia.

Mpiga picha wa bustani ile alishafariki, lakini binti yake, Bi Gulshan, ana duka la rangi na misumari. Nilipomweleza, aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki. Koti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Akaligeuza. Halikuwa na mgongo. Lilikuwa limepasuliwa kutoka kwenye kola mpaka chini, na kila upande umeshonewa tepe za kufungia, ili limtoshe mnene na mwembamba. Mbele kapteni, nyuma shati lako la kawaida linaonekana.

"Baba alilinunua mnadani," Bi Gulshan akasema, akicheka. "Kila mtu aliyetaka kupeleka picha kwa wakwe alivaa hili. Sisi watoto tulikuwa tunawafunga tepe huku nyuma. Kuna mmoja alipumua kwa nguvu, zote zikakatika."

Nilicheka naye kwa adabu, kisha njiani nikaanza kujiuliza. Kama koti halikuwa lake, basi Rajabu alikuwa nani mle ndani ya Subira? Na kama yeye hakuwa kapteni, basi kapteni alikuwa nani?

Ningeweza kuishia pale. Ningechonga mgongo wowote, mteja angefurahi, nami ningekula chakula changu. Lakini nisingeweza kuutazama ule mfano. Nikaenda kwa Mzee Magesa wa Pasiansi. Alikuwa mmoja wa waliopona, labda wa mwisho aliyebaki hai, na kila mwaka kwenye kumbukumbu aliwekewa kiti chenye mto mbele ya watu wote. Nilikuwa nimepanga kwenda kwake tangu mwanzo kumuuliza kamba zilifungwaje. Nikambebea mfano wenyewe, haujaisha, na yule mtu wangu mwenye koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete nione."

Aliutazama muda mrefu. Akarekebisha kamba moja kwa ukucha, na alikuwa sahihi. Kisha akamgusa mtu wa kwenye usukani.

"Huyu ni nani?"

"Rajabu."

"Rajabu hakukaa hapa." Akashusha kidole mpaka chini, kwenye tumbo la mashua, mahali magunia yanapopangwa. "Rajabu alikaa huku. Alikuwa mtoa maji. Ana debe lake, anachota, anamwaga."

"Nani alikaa kwenye usukani, mzee?"

Akageuza macho nje. Mjukuu wake wa kike alikuwa anafagia uani. Mzee akasubiri amalize aondoke.

"Nahodha wetu alikuwa anaumwa kule kisiwani," akasema. "Akanikabidhi mimi. Wale abiria walijua nani ni nani? Walipanda tu. Upepo ulipogeuka, Rajabu akaita kutoka chini, maji yamepanda. Nikamwambia chota. Akaita tena, nishushe tanga. Nikamwambia, we chota! Nilitaka kufika na mwanga. Ilipolala ubavu, magunia yote yalikwenda upande wake. Mimi nikashika mlingoti."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nasubiri waje wanikamate. Nilikaa ndani nasikiliza mlango. Halafu nikasikia wameshampata kapteni wao, yuko ukutani kwa mkewe. Yule nahodha aliyeumwa hakuamka tena. Nikasema, basi, marehemu hapati hasara." Akanishika mkono. "Fundi, nimebakiza siku ngapi? Nikifa, sema. Nikiwa hai, niache."

Nilimwambia siwezi. Rajabu ana mwanawe, nikamwambia, na yuko hai kama wewe ulivyo hai. Hakuniaga.

Kumweleza Bi Zuhura ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchonga. Nilifikiri nampelekea zawadi: baba yako hakuua mtu, mama, baba yako ndiye aliyepiga kelele. Nilimwonyesha zile picha, nikamweleza koti, nikamweleza usukani, nikamalizia na Magesa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo baba yangu hakuwa kapteni," akasema.

Hilo ndilo alilolisikia kwanza. Akaanza kulia kilio cha mtoto, mdomo wazi. Watu wa msiba wanalia na kunyamaza. Yule hakunyamaza mpaka jirani yangu muuza vyombo akaja kuchungulia. Miaka yote alikuwa na vitu viwili tu kutoka kwa baba yake, aibu na ukubwa, na mimi nilikuwa nimekuja na kisu changu nikavichukua vyote kwa mara moja.

"Picha hii ilipelekwa Tabora kumposea mama," alisema baadaye. "Mama alikuja huku kwa sababu yake. Unadhani alijua?"

Nikasema sijui.

"Alijua. Alikuwa anafua nguo zake. Nguo za mtu wa debe hazifichiki." Akapangusa uso kwa kanga. "Angefungua mdomo siku ile, wangerudi kukaa naye. Akaona heri wamchukie kapteni kuliko wamhurumie mtoa maji."

Kisha akamchukua yule mtu wa mbao, akanipa.

"Mvue."

Sikilizeni, vijana, maana hili hamtafundishwa popote. Mbao ukishaikata hairudi. Koti nilikuwa nimelichonga katika mwili ule ule mmoja, na kulivua ni kupunguza mwili. Nilianza mabegani, nikashuka mikononi, nikaondoa kofia na nywele zikaondoka nayo. Alipokuja kutokea chini ya lile koti, Rajabu alikuwa mwembamba kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchonga, mbavu nje. Mkono uliokuwa umeshika usukani niliukunja nikaupa debe. Mgongo wake nilichonga mwisho, umeinama, na ndio mgongo pekee katika maisha yangu ambao sikuutilia shaka. Bi Zuhura alikaa pale pale akikusanya vumbi la mbao kwenye kiganja.

"Na kwenye usukani nimweke nani?" nikamuuliza.

"Acha wazi."

Siku ya kumbukumbu tuliiweka Subira mezani mwaloni, kando ya orodha ya majina. Baadhi ya watu walinuna walipomwona binti wa kapteni. Lakini nani anaweza kuipita meli ndogo bila kuinama? Wakaizunguka. Wazee wa mwalo wakaanza kusifu kamba, mara mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona haina nahodha?"

Bi Zuhura aliendelea kulinyoosha tanga kwa kidole. Hakugeuza hata shingo upande wa kile kiti chenye mto. Mimi ndiye niliyegeuka, na ninajuta kidogo, kwa sababu nilimwona Mzee Magesa akiinuka kwa fimbo yake, akija taratibu, watu wakimpisha kwa heshima. Akafika mezani. Akaweka kidole kwenye usukani.

"Hapa nilikaa mimi," akasema. "Baba wa huyu mama alikuwa anatoa maji. Aliniambia nishushe tanga."

Msitegemee niwaambie kulikuwa na msamaha. Mama mmoja mzee, aliyepoteza wadogo zake wote mle, akapiga yowe ambalo sitaki kulisikia tena. Watu wakasogea mbele. Wajukuu wa Magesa wakamzunguka wakamtoa. Mtu mmoja akakipiga teke kile kiti, na mto ukaingia majini.

Mwenyekiti wa kamati alibaki na karatasi yake inapepea. Akaanza kusoma. Alipofika jina la mwisho akasimama, akamtazama Bi Zuhura, akashindwa, akamwinamia na kumuuliza kwa aibu:

"Samahani, mama. Baba yako aliitwa nani?"

Walikuwa wamemchukia umri mzima, na hakuna aliyelijua jina lake.

"Rajabu Sefu," akasema. Likasomwa.

Mzee Magesa hakumaliza mvua zile. Nilikwenda mazishini, na watoto wake hawakunipa mkono, hadi leo hawanipi. Tuliobeba jeneza hatukupokezana, maana hatukuwa na wa kutupokea. Uani palikuwa na mabinti zake wawili na majiko hayajawashwa. Nikamwona Bi Zuhura anaingia langoni, kanga kichwani, ana mfuko wa mkaa. Nilimfuata nikamuuliza kwa sauti ya chini amefuata nini katika nyumba ile.

"Mimi nawajua hawa, fundi," akasema. "Mchele wao hauna wa kuupika."

Akapita, akainama, akaanza kuwasha moto.